Sparadra ya Shekina

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Baridi. Asubuhi mvuke unatoka mdomoni. Hata Shekina anatoa wake, mdogo kama wa kikombe. Nami ninauhesabu. Miezi minne sasa ninahesabu.

Habari kubwa kutoka kwenye bomba la maji! Wataalamu wamefika kwenye kituo cha afya. Wakubwa wa dunia nzima, anasema jirani yangu Georgette, Mama Éphraïm. Wametengeneza kitambaa laini kama sparadra ya kidonda, kinabandikwa kifuani mwa mtoto. Hakina dawa. Kinasikiliza tu! Moyo, pumzi, joto. Na pumzi ikisimama, kuna kisanduku kidogo kinalia.

Nikaweka ndoo chini. Kinalia?

Shekina alizaliwa kabla ya siku zake. Siku ya kumi na nne pumzi yake ilisimama, hapa mikononi mwangu. Nikampuliza usoni, nikamfinya mguu, ikarudi. Tangu siku ile mkono wangu haujatoka kifuani pake. Nikilala, mkono unakesha. Mume wangu Adolphe anasema nitakonda mpaka nibaki macho tu.

Lazima nipate hiyo sparadra.

Mama Éphraïm anasema wanachagua watoto kwa kilo. Akachungulia mgongoni kwangu, akasema pole, Shekina ni kama samaki mdogo wa ziwa Tshangalele, anaingia kwenye kikaango na nafasi inabaki. Éphraïm wake ana kilo nane. Watachukua kuanzia tano, anasema. Kajuaje? Yeye anajua kila kitu.

Shekina: kilo nne na nusu. Inakosekana nusu kilo. Nusu kilo ni kitu gani? Nina mpango.

Jumanne, tarehe 3

Aibu! Nitaandika yote, karatasi haina mdomo.

Mdogo wa Adolphe anachimba Kambove. Alituachia mawe ya malachite, ya kijani, tunayaweka dirishani kwa uzuri. Nilichagua saba, nikayashona ndani ya pindo la gauni la Shekina. Mshono mzuri. Mtoto akaning'inia kama kengele.

Kwenye kituo nikamwambia muuguzi Stanislas baridi ni kali, asimvue. Akakubali. Mizani: kilo tano na gramu mia! Nikatabasamu. Stanislas akaangalia kadi, akaangalia mtoto, akaangalia tena kadi. Akauliza ninamlisha nini tangu wiki jana. Nikasema ziwa langu tu, kwa neema ya Mungu.

Hapo uzi ukakatika. Tak. Tak. Tak. Tak. Kwenye sementi.

Halafu Mama Éphraïm, kwa sauti ya kanisani: "Eeh! Mama Shekina, mutoto yako iko na mine ya mawe ndani! Tuite bachimbaji?" Mamama wote wakalala kwa kucheka. Hata yule asiyecheka tangu afiwe.

Mwanamke mmoja mfupi mwenye raba za michezo akainama, akaokota jiwe. Akaligeuza kwenye mwanga. Akasema, kwa Swahili yetu kabisa, kwamba hili ni la Kambove, analijua, alilichezea utotoni. Nikafikiri ni mama wa usafi. Kumbe ndiye Profesa Élise! Mkubwa mwenyewe! Anafundisha ng'ambo, watu wa mataifa wanasoma anachoandika, na alizaliwa Kambove, si mbali na hapa. Nilikuwa ninangoja mzungu mwenye ndevu.

Akauliza kwa nini mawe. Sikuweza kudanganya, nilikuwa nimechoka kudanganya tangu saa mbili. Nikamweleza siku ya kumi na nne. Akaweka kidole kwenye kifua cha Shekina, pale pale mkono wangu unapokaa.

Halafu akasema wanaotafutwa ni wadogo. Chini ya kilo tano! Wakubwa wanachukuliwa wachache tu, wa kulinganisha. Na mwisho wa wiki sparadra moja itabaki hapa Likasi miezi mitatu, kwa mtoto mdogo atakayeonekana ana shida kuliko wote.

Kwa hiyo mawe yangu yangemtoa mtoto wangu nje. Nimeyarudisha dirishani. Hayana kosa.

Mama Éphraïm anatangaza mtaa mzima kwamba Éphraïm ndiye wa kupimia wengine, kama kilo ya chuma ya sokoni.

Jumatano, tarehe 4

Imebandikwa! Nyembamba kama ganda la kitunguu. Shekina hakulia. Kisanduku kina taa ya kijani. Kikiona shida kinakuwa chekundu na kupiga kelele, na yote yanafika kwenye mashine yao kituoni.

Niliuliza maswali mpaka Stanislas akaanza kukuna shingo. Inajuaje? Profesa akasema moyo ukigonga, ngozi inaruka kidogo sana, jicho halioni. Sparadra inavutika pamoja na ngozi. Ndani kuna nyaya nyembamba kuliko unywele, zimepindwapindwa kama nyoka ili zisikatike zikivutwa. Nikauliza je, inajua kama mtoto ana furaha? Profesa hakucheka. Akaliandika swali langu kwenye daftari lake! Swali langu mimi, Fidélie, niliyeishia darasa la sita!

Mwenzake, Franck, ana roboti. Nilitegemea chuma na macho mekundu. Kumbe ni glavu ya mpira! Anaingiza hewa kama kwenye chubu ya baiskeli, vidole vinajikunja vyenyewe. Ni kwa watu ambao mkono wao umekufa. Nikapeana nayo mkono. Laini kuliko wa Adolphe. Mama Éphraïm akakataa kuigusa, akauliza kama inajua kuosha masahani, na kama haijui basi wamekuja kufanya nini.

Masharti: isilowe maji. Kila siku, kwa muda wa saa nne, mtoto alale kwenye mkeka, atulie. Nimeahidi.

Saa nne nzima? Na sombe, majani ya muhogo, atatwanga nani?

Alasiri. Mkono wangu uko kifuani pake, juu ya sparadra. Sasa tunasikiliza wawili.

Alhamisi, tarehe 5

Nilimweka mkekani, kweli. Saa moja nzima. Halafu akalia, nikambeba mgongoni, nikafunga kikwembe vizuri, nikatwanga sombe. Kisanduku kikaanza kuwaka-waka. Kijani, chekundu, kijani. Nikaongeza kasi nimalize haraka. Kikapiga kelele!

Nikafungua kikwembe, nikamtoa Shekina. Ananiangalia tu. Anatafuna kidole.

Stanislas akaja mbio kutoka kituoni, amevaa kiatu kimoja cha kweli na sandali moja. Kwenye mashine yao Shekina alikuwa na mioyo miwili! Mmoja mdogo wa haraka, mwingine mkubwa unaopiga kama mtu anayetwanga.

Mimi nilikuwa ninatwanga!

Profesa akafika nyuma yake. Alipoelewa akapiga makofi. Kumbe ule mkubwa ni wangu! Kifua cha mtoto kimelala mgongoni kwangu, sparadra katikati, ikasikia pande zote mbili. Akasema katika maabara yao watoto wanalala kwenye vitanda, hakuna aliyefikiria mgongo. Akaomba nimfunge Shekina mgongoni kwake, yeye mwenyewe, aone. Nikamfunga Profesa! Akatembea uani kama bata, ameshika kikwembe kwa mikono miwili. Mama Éphraïm akaona yote kutoka ukutani kwake. Siku nzuri.

Halafu siku ikaharibika. Profesa akasema, kwa furaha, kwamba Shekina anapumua kama saa ya ukutani. Pumzi haijasimama hata mara moja. Nikasema asante. Ndani nikafanya hesabu: mtoto mzima hapewi sparadra. Itaenda kwingine. Jumapili nitabaki tena na mkono wangu peke yake.

Na kama itasimama wiki ijayo?

Mama Éphraïm akaja kusema Éphraïm amepiga chafya tatu na huenda sparadra ikabaki kwake. Nikamkumbusha Éphraïm ni wa kulinganisha. Akasema chafya zake si za kulinganisha.

Ijumaa, tarehe 6

Nimegundua kitu. Kichwa kinaniwaka kwa akili.

Sparadra inasikia mtu wa pande zote mbili. Haya. Ni nani katika nyumba hii anapumua vibaya?

Baba mkwe wangu, Papa Symphorien. Miaka thelathini kiwandani, mwili mpana kama mlango. Akilala mchana kwenye kiti chake cha kulalia, anakoroma kama lori la madini linalopanda kilima. Kisha kimya. Kimya kabisa. Kisha grrrrh! Lori linawaka tena.

Shida moja: mkwe haguswi. Mimi hata chakula simpi mkononi. Ninaweka mezani, ninapiga goti, ninarudi nyuma. Kumbandika kitu kifuani? Heri nihame Likasi.

Lakini Shekina ni mjukuu. Yeye ana ruhusa zote. Kila mchana mzee anaita, "Leta muke yangu!", ninamwacha Shekina mkekani, mzee anamwokota mwenyewe, anamlaza kifuani, wanalala wawili. Kifua kwa kifua. Sparadra katikati. Sijamgusa mtu!

Saa saba wakalala, na saa ile kituoni wamekwenda kula, mashine inaandika tu. Nikakaa mbali na kisanduku mapajani. Lori likapanda. Likazimika. Nikahesabu, ni mazoea yangu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa! Taa nyekundu! Kelele! Nikakifunika kisanduku na beseni, nikakaa juu ya beseni. Grrrrh. Kijani.

Mara kumi na moja! Mara ya saba nilifika ishirini na tatu. Nilishangaa, nikataka kuamka kwenye beseni, lakini akawaka. Labda wazee wote wako vile.

Sparadra ni yetu.

Jumamosi, tarehe 7

Wametuita wote. Mamama tisa, watoto tisa, benchi moja.

Profesa akashika karatasi. Akasema kuna mtoto wa miezi minne ambaye jana mchana alikoroma. Si kukoroma kwa mtoto. Stanislas akasema, polepole, akiniangalia, kwamba kwa mashine huyo mtoto ana kama kilo tisini, miaka sitini na zaidi, na alivuta tumbaku. Mamama wakageuza shingo kama bata, wote kwangu. Hata hawajaambiwa jina!

Mama Éphraïm: "Mara hii iko na muzee ndani!"

Profesa hakupiga kelele. Heri angepiga. Akanipeleka kando, akauliza ni pumzi ya nani. Nikasema Papa Symphorien. Nikaeleza kiti, kifua, beseni. Nikalia. Nikamwambia anifukuze mimi, si mtoto.

Akauliza kama mzee anaamka na kichwa kinamuuma. Ndiyo. Kama anasinzia mezani. Ndiyo, hata na tonge la bukari mkononi. Akasema twende kwake sasa hivi.

Papa Symphorien hakufurahi. Akasema yeye hakoromi, hajawahi, muulizeni yeyote mnayetaka. Adolphe akakohoa. Mimi niliangalia ardhi, mke wa mwana hatoi ushahidi. Profesa akamwonyesha mistari kwenye karatasi: hapa pumzi ipo, hapa haipo, hapa haipo, hapa haipo. Mzee akaweka kidole kwenye nafasi nyeupe, akakiacha pale. Akauliza nafasi hii ni muda gani. Profesa akasema sekunde ishirini na tatu.

Kisha akaniangalia, kitu ambacho hafanyi. Akasema, "Aksanti, mutoto." Sikujua pa kujificha.

Basi sparadra imebaki. Kwake! Ni ya watoto, lakini Profesa amekubali ibaki kifuani mwake mpaka Jumanne, daktari amwone. Ameambiwa alale kwa ubavu. Stanislas ameitoa kwa Shekina, ameibandika kwa mzee. Miezi mitatu bado haijaamuliwa ni ya nani.

Na Shekina? Profesa alinifungulia mistari yake yote, siku tatu, ametoa ya babu. Vilima vidogo vidogo, sawasawa, hakuna nafasi nyeupe hata moja. Akanishika mkono, ule ule unaokesha, akasema sasa huu unaweza kupumzika.

Mama Éphraïm ameleta viazi vitamu. Akasema ni vya mzee. Vilikuwa vingi kuliko vya mzee mmoja.

Jumapili, tarehe 8

Pentekoste. Padri alihubiri juu ya pumzi. Nilisikiliza kuliko wote.

Nimetoa mkono kifuani mwa Shekina mara nne tangu jana. Mara moja kwa muda wa kufua nguo tatu nzima! Ninamwamini Profesa. Kabisa. Mtoto ni mzima, imeandikwa.

Saa saba. Papa Symphorien amelala kwenye kiti chake, kwa ubavu kama alivyoambiwa. Sparadra kifuani, kisanduku juu ya kigoda, taa ya kijani. Kabla ya kulala aliita, "Leta muke yangu!" Nimemleta. Yuko mkekani, macho wazi, anangoja babu yake amwokote.

Mzee amesahau. Ameshalala.

Nimefikiri hivi. Sijavunja sharti lolote. Sparadra siiondoi. Mkwe simgusi. Ninamweka tu mtoto kwa ubavu mbele ya babu yake, kifua kwa kifua kama siku zote, sparadra itamsikia na yeye kidogo. Dakika kumi na tano. Nione taa tu, mara ya mwisho.

Nimemweka. Kijani.

Profesa atasoma mistari kesho asubuhi. Atajuaje?