Lililomuua Mzee

Jumatatu, 3 Februari

Bosi ametangaza. Nafasi ni moja. Kati yangu na Kasuku, atakayeuza riwaya nyingi zaidi za meza ya mbele kufikia Jumamosi ya wiki ijayo ndiye atakayeajiriwa. Mwingine atashukuriwa. (Bosi ni mwenye duka la vitabu. Namwita hivyo humu tu. Ana kwa ana simwiti chochote, naanza na "samahani".)

Kasuku nimempa jina mimi. Amemaliza shule juzi juzi kama mimi, na majaribio tulianza siku moja. Leo ameongea na wateja kama thelathini. Mimi wawili. Mmoja aliniuliza choo kiko wapi. Wa pili alikuwa anakimbia mvua.

Nyumbani nikamweleza Mama. Akasema mwanangu, mteja haumi. Kisha akasema nikikosa nafasi hii hakuna kukaa nyumbani kuhesabu boriti. Jumatatu itakayofuata naanza kwa Shangazi, saluni. Shangazi anaamini msusi asiyeongea anaharibu nywele. Huko ni maneno asubuhi hadi jioni, na kichwa cha mtu kiko mikononi mwako. Huwezi hata kujificha nyuma ya rafu.

Lazima nishinde.

Na mbinu ninayo! Sitaongea. Nitaandika. Kila riwaya itasimamishiwa kikaratasi chenye pendekezo langu la kweli. Riwaya zote kumi na nne za ile meza nimezisoma, za vijana na za watu wazima. Kasuku hajasoma hata moja. Sioni atanishindia wapi.

Jumanne, 4 Februari

Vikaratasi saba vimesimama. Mwandiko safi. Cha kwanza: "Riwaya ya vijana. Kurasa 212. Nzuri. Ina kosa moja tu la chapa, ukurasa wa 88."

Mama mmoja alikisoma. Akafungua ukurasa wa 88. Akaliona kosa. Akacheka, akaenda zake.

Kasuku akaniuliza, we dada, hili ni pendekezo au cheti cha daktari?

Yeye kauza nne. Nilijificha karibu nisikie siri yake. Hana siri. Ana sentensi moja kwa watu wote: "Kisome tu, halafu uje uniambie." Amemwambia hivyo hata mzee aliyenunua kamusi.

Alhamisi, 6 Februari

Kasoro nimeiona. Vikaratasi vyangu havina fumbo. Msomaji anataka kuwashwa kidogo.

Nimeanza na riwaya ya upelelezi yenye jalada jekundu. Mzee tajiri anakutwa amekufa sebuleni. Watu wa nyumbani kwake ni sita na kila mmoja ana sababu ya kumuua. Mpelelezi anawabana mmoja mmoja kwa kurasa mia tatu. Mwisho kabisa inajulikana kwamba hakuna muuaji. Kabati lilimwangukia.

Hilo bila shaka sikulitaja. Nimeandika hivi: "Wote sita walimchukia mzee. Hutapata usingizi mpaka ujue lililomuua."

Nimekirudia mara tano. Sarufi sahihi. Siri salama.

Ijumaa, 7 Februari

Ushindi! Mwalimu mmoja mstaafu alisimama mbele ya kikaratasi, akatabasamu, akachukua nakala kumi kwa mpigo. Ni za kikundi chake cha usomaji. Akaomba na kikaratasi akawasomee wenzake. Nikaitikia kwa kichwa. Biashara nzima imefanyika bila mimi kufungua mdomo.

Kasuku akasema hiyo ni bahati ya mtende kuota jangwani. Nilikuwa mnyenyekevu. Nilipita mbele yake mara nne tu.

Jumamosi, 8 Februari

Kumi zimerudi.

Mwalimu alikuja nazo kwenye mfuko uleule, zikiwa hazijafunguliwa. Akamweleza Bosi kwamba wamekimaliza kitabu. Bosi akauliza wamekimaliza vipi usiku mmoja. Akasema hawakuhitaji usiku. Walihitaji dakika sita.

Kumbe kikundi kizima ni walimu wastaafu wa Kiswahili. Alipowasomea kikaratasi, mmoja akadakia: "Lililo? Rudia hapo!" Akarudia. Kisha wakaanza kazi. Shemeji, dereva, muuguzi na wengine wote waliotajwa nyuma ya jalada wakaachiwa huru papo hapo, kwa sababu mtu ni "aliyemuua". Wakageukia picha ya sebule kwenye jalada. Kiti, ngeli ya KI-VI, hakina hatia. Meza, saa na taa, I-ZI, haziwezi. Yakabaki mawili ya LI-YA: zulia na kabati. Bibi mmoja alilishikilia zulia kwa nguvu zote lakini akashindwa kwa kura.

Mwalimu akanigeukia. Akasema binti, umeandika sahihi kabisa, ningekuwa nasahihisha ningekupa vema. Ila umetuua.

Sijawahi kusifiwa na kuaibishwa kwa sentensi moja. Kasuku alilazimika kwenda kucheka stoo.

Jumatatu, 10 Februari

Bosi ameniagiza niandike "aliyemuua" kama watu wengine. Nilijaribu. Kalamu ilikataa. Kabati si mtu. Kuliita "aliye" ni kumdanganya mteja na kuivunja sarufi kwa wakati mmoja. Mtu aliyepata A ya Kiswahili hafanyi hivyo.

Kasuku, bila kuulizwa, akasema si niandike tu "siri ya kifo cha mzee", yaishe? Rahisi kwake. Huo ni ukwepaji.

Nimehamia kwenye riwaya ya mapenzi. Huko hakuna makabati. Nimeandika: "Utampenda msichana huyu. Utampenda na mpenzi wake, marehemu baharia."

Baharia anafariki ukurasa wa 290. Mtu akishafariki huwezi kumtaja kavukavu bila kusema marehemu. Ni adabu tu.

Jumatano, 12 Februari

Msichana wa sare za shule aliingia na nakala yake ya ile riwaya ya mapenzi mkononi, kidole kikiwa ukurasa wa 61. Alitaka kumchagulia rafiki yake nakala kama hiyo. Akasoma kikaratasi. Akasema, "Marehemu?" Akasema tena. Kisha akakaa chini, palepale kati ya ramani na atlasi, akalia.

Bosi akamletea maji. Kasuku akamwambia, usijali mdogo wangu, huyu dada kachanganya na kitabu kingine, kisome tu halafu uje uniambie. Msichana akajifuta machozi, akanunua nakala mbili badala ya moja.

Nilitaka kusema sijachanganya. Nikaanza na "samahani". Ikaishia hapo.

Alhamisi, 13 Februari

Sasa ni vita. Lazima Bosi ajue kwamba Kasuku anapendekeza vitu asivyovijua. Mwalimu alikuwepo leo, anapekuapekua. Nikaandika kikaratasi, nikakichomeka kwenye gazeti lake: "Mwalimu tafadhali muulize binti yule mwisho wa riwaya anazokuuzia." Bosi alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Mpango haukuwa na tundu.

Mwalimu akasoma. Akamwendea Kasuku na riwaya moja mkononi. Akauliza kwa sauti, haya binti, hii inaishaje?

Kasuku hakupepesa hata jicho. Akasema, "Aa, Mwalimu! Nikikwambia mwisho si nitakuwa nimekuibia?"

Bosi akatabasamu. Mwalimu akanunua kumi, akaahidi kuwafungia wenzake macho na masikio. Alipotoka akanirudishia kikaratasi changu. Ameweka koma mbili, kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 15 Februari

Kasuku arobaini na tatu. Mimi moja.

Hiyo moja aliinunua Mama. Aliingia saa tano, kajitanda hadi puani na miwani ya jua juu yake, akijifanya hanijui. Akachukua ya jalada jekundu, akaniuliza kwa sauti ya kizee, eti binti, hiki kinafaa? Nilijua anachotaka. Neno moja tu, Bosi alisikie. Nikashindwa kumjibu hata Mama yangu. Akalipa, akanibana mkono chini ya meza, akatoka.

Jioni Bosi akanishukuru. Akasema mimi ni msomaji hodari kuliko wote waliopita pale. Tatizo langu nasoma mpaka mwisho.

Njiani nililitafakari hilo. Nimehitimisha kwamba Bosi hapendi vitabu.

Jumatatu, 17 Februari

Saluni. Shangazi amenipa ufagio na rola, akasema mengine yatakuja yenyewe, mradi nifungue mdomo.

Na nimefungua! Mteja mmoja alikuwa amekaa kwenye mashine ya kukaushia nywele, anasoma riwaya ninayoijua vizuri. Ukurasa wa 90. Mtoto amepotea msituni, yuko na mbwa wake. Uso wa yule mama ulikuwa umejaa wasiwasi. Nikaona mtu anateseka na mimi nina dawa. Nikasogea. Sikuanza na "samahani". Nikamwambia asihuzunike, mtoto anapatikana ukurasa wa 203, salama, ingawa mbwa hatapona.

Akafunga kitabu. Akauliza, "Mbwa kafanyaje?" Shangazi akaja akanivuta pembeni kwa sikio.

Lakini nadhani tatizo ni ile mashine, inanguruma mno. Hakunisikia vizuri. Anarudi Ijumaa kufumua. Nitamwandikia.