Namba Zangu na Do-Re-Mi ya Wandera

Leo nimejiaibisha mwenyewe, hakuna wa kulaumu.

Kwaya yetu hapa Busia inaenda kuimba Tororo Jumapili, na tangu mwalimu wetu ahame, haijulikani nani atasimama mbele kuongoza. Ni mimi au Wandera. Wandera anafundisha kwa do-re-mi, ile ya tangu babu zetu. Mimi nikaona video mtandaoni, nikaja na dini mpya: namba. Do ni moja, re ni mbili, hivyo hivyo mpaka saba. Wiki nzima nimewasumbua watu kwenye grupu la kwaya. "Mama wa sokoni hajui fa, lakini kuhesabu anajua." (Nilijiona profesa. Suti ilishaenda kwa dobi.)

Leo katekista akachoka na mimi. Akatugawa makundi mawili, wimbo mmoja mpya, nusu saa. Kundi litakaloimba vizuri zaidi ndilo litatoa kiongozi wa Tororo.

Nikaandika namba ubaoni kwa mbwembwe. Tukiimba pole pole zilikubali. Shida ni kwamba wimbo wenyewe una kasi. Wandera akisema "so", imekwisha. Mimi nina "ta-no". Nina "si-ta". Nina "sa-ba". Hakuna hata moja fupi, na wiki nzima ya kujisifu sikuwahi kuziimba kwa sauti. Soprano wakaishiwa pumzi. Besi wakakwama kwenye tatu. Baba Opio, besi wetu wa upande wa Uganda, akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, sisi naimba ama nahesabu magunia?"

Kundi la Wandera, lililokuwa nje, likamaliza, likaketi, likaanza kututazama kupitia dirisha.

Hapo ndipo aliposimama Mama Nabwire wa kundi langu, muuza dagaa wa omena, ambaye hajawahi kusoma noti ya aina yoyote. Alikuwa amewasikiliza wale wa Wandera dirishani.

"Acheni hizo hesabu. Nifuateni."

Akauimba wimbo wote kwa maneno yake, mwanzo mpaka amina. Kundi langu likamfuata mara mbili tu, wimbo ukanyooka. (Nilipiga makofi. Ningefanyaje?)

Katekista akasikiliza pande zote mbili, akasema kundi langu limeshinda. Nikainuka, nikaweka kola sawa.

"Keti, mwalimu. Ataongoza Mama Nabwire."

Mimi na Wandera tumepewa ngoma tubebe. Na atakayecheka Jumapili nitamwona, maana nimewekwa nyuma kabisa.