Bakteria Wema wa Pua Yangu Wasifukuzwe Kwayani

Mamboleo, Kisumu
Agosti 1988

Kwako Mama Dorca, Mwenyekiti wa Kwaya,

Kwa heshima nyingi, nikitumaini goti lako linaendelea vizuri, ninapinga uamuzi wa Jumapili wa kunitoa katika sauti ya besi ati kwa sababu pua yangu inapiga filimbi. Mama, hiyo si filimbi. Ni bakteria wema wakiwa kazini.

Unakumbuka mwezi wa nne nilishikwa na mafua, nikameza zile kapsuli za rangi mbili ambazo Bwana Joram huuza sokoni kando ya betri na viberiti. Mafua yalibaki, sauti ikaondoka. Koo lilifura hata uji nikawa nautazama tu. Muuguzi Agneta alinimulika mdomoni akauliza, "Baba Lornah, nani alikwambia umeze hizi?" Kisha akanieleza kwamba puani na kooni wanaishi bakteria wasio na madhara. Wanashika nafasi na kula chakula kilichopo, hivyo wale wa magonjwa wakija wanakosa pa kukaa. "Sasa wewe umewaua walinzi wako kwa kapsuli hizi," akasema. "Wabaya wameingia bila kupiga hodi."

Nililia, Mama. Tangu hapo nimeapa kuwalinda waliobaki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu Walubengo aliniamuru nipenge kamasi mbele ya kwaya nzima. Kuwatoa wenyeji nyumbani kwao bila notisi si Ukristo.

2. Mke wangu Seline alitaka nijifukize kwa majani ya mkaratusi, na kamati yako ikamuunga mkono. Mvuke ule ungewapika wakiwa hai.

3. Jirani yangu Bwana Muhidin hajawahi kukohoa tangu tumfahamu. Nilimwomba kwa adabu anipulizie puani kila asubuhi ili bakteria wake waje kusaidia wangu. Akasema, "Bwana Opiyo, nenda ukapuliziwe na bibi yako," akafunga mlango. Hili si kosa la kwaya, lakini aliyecheka barabarani mpaka akakaa chini alikuwa katibu wenu.

4. Kwa hiyo naomba nirudishwe, nisimame katikati ya sauti ya kwanza, na akina mama wale wenye afya waimbe wakinielekea puani. Kwenye mashindano ya Katito, kwaya nyingine zikae nje, maana hatujui zinabeba bakteria gani. Waamuzi nao wapimwe koo.

Mkikataa, mimi na wakazi wangu tutaimba peke yetu mlangoni pa kanisa, kwa nguvu.

Wasalimie sauti zote nne, mzee wako, na mpiga kayamba wetu.

Wako mtiifu katika Bwana na katika besi,
Dalmas Opiyo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Muuguzi Agneta amepita hapa, akanimulika puani, akaingiza kibano. Ametoa njugu. Ni ya matanga ya Asembo Bay, nadhani, nilipocheka huku nikitafuna. Anasema bakteria wema hawapigi filimbi, na kamasi ningepenga tu bila kuwadhuru. Tafadhali barua hii usiisome mbele ya watu. Jumapili nitakuja bila masharti. Njugu yenyewe ilikuwa imeanza kuota.