Nilichuna Mpira wa Fainali

Watu wangu, leo nimejiaibisha mbele ya kaunti mbili. Kericho imeona. Bomet imeona. Kuna mzee alitoka Mulot na mbuzi yake, hata hiyo mbuzi imeona.

Wacha niwaeleze polepole.

Mnajua mimi kazi yangu ni kuchuna chai. Miaka kumi na sita. Na si kuchuna ya kawaida. Nikiingia kwa shamba, majani yenyewe inajipanga foleni. Mkono wangu ukipita huoni mkono, unasikia tu upepo. (Supavaisa anasema naongeza chumvi. Supavaisa ana wivu.) Lakini siku hizi mashine ya kuchuna imekuja. Moja inafanya kazi ya watu thelathini na haiombi ruhusa ya kwenda mazishi. Sisi wa mikono tunapunguzwa. Mimi nimeambiwa mwezi huu ndio mwisho.

Sasa kwa klabu ya hapa juu wakaleta mashindano ya tenisi, wanaume wawili kwa wawili. Ya kulipwa! Si ile kubwa kabisa mnaona kwa TV. Hii iko chini yake ngazi moja, ya wale bado wanapanda. Meneja wa klabu, Madam Chelagat, akatafuta watu wazima wa kuokota mipira. Akatuambia, "Mwenye atafanya vizuri mpaka fainali nitambakisha hapa atunze uwanja. Kazi ya kudumu."

Hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshaambia bibi yangu, mama Faith. Bibi alikuwa ameshaambia kanisa.

Tulichukuliwa wawili, mimi na jirani yangu Kiprono. Kiprono ni mtu mzuri, lakini akikaa chini dakika mbili, amelala. Nikaona hapa sina mpinzani.

Siku ya kwanza nilienda na kapu yangu ya chai mgongoni. (Ningeokotea kwa nini, kofia?) Wachezaji walikuwa wanapasha mwili moto, wameacha mipira kila mahali. Nikainama. Mikono mbili, tap tap tap, natupa nyuma ya bega bila kuangalia, yote inaingia kwa kapu. Kabla ukohoe, uwanja ni safi. Wazungu wakapiga makofi. Madam akatingisha kichwa, ile ya kukubali. Nikaanza kuchagua mahali nitaweka kiti yangu ya kudumu.

Leo fainali. Madam akanishika bega. "Baba Faith, leo hakuna kapu. Watu wa kamera wamekuja. Chuchumaa hapa kando ya wavu, chini ya refa. Refa akishaita pointi, ndio unakimbia unaokota. Sawa?"

"Sawa, Madam."

"Akishaita."

"Madam, mimi si mtoto."

Vijana wetu wawili wa Kenya dhidi ya wazungu wawili, mmoja ndevu nyekundu. Watu wametoka Boito, wametoka Mogogosiek, wameacha chai ikikomaa. Refa amekaa juu kwa kiti mrefu, kama ile jukwaa ya kufukuza nyani kwa mahindi. Akisema tafadhali, watu wote kimya, kama kanisani pasta akiuliza nani atafagia.

Wakagawana seti. Ikabaki ile ya mwisho, ya kukimbizana mpaka kumi, na lazima upite mwenzako na mbili. Sisi tisa, wao nane. Pointi moja tu! Bibi yangu amesimama, mikono kifuani, midomo inaenda. Ng'ambo ya wavu, Kiprono anakoroma.

Mpira ikaenda, ikarudi. Ikaenda, ikarudi. Mara mia mbili, naapa. Yule kijana wetu mrefu akainua raketi kama mtu anapasua kuni. Wazungu wakakimbia nyuma mpaka ukutani. Halafu akaigusa tu. Akaibembeleza. Mpira ikavuka wavu, ikadunda mara moja, ikapanda polepole mbele yangu.

Ikidunda mara ya pili, tumeshinda. Wazungu wako Narok huko. Hakuna mtu wa kuifikia.

Lakini iangalie na macho yangu. Rangi ya chipukizi ya chai. Urefu wa kiuno. Laini. Iko tayari.

Mkono haukuniuliza. Niliruka ndani ya uwanja, nikachuna, nikatupa nyuma ya bega.

Nyuma hakuna kapu. Nyuma kuna refa.

Paa! Kwa paji la uso. Kofia ikaanguka huku, miwani kule. Mbuzi ya Mulot ndiyo ilikohoa kwanza.

Refa akashuka, ananiangalia na jicho moja. "Wewe, unafanya nini?"

"Nachuna."

"Unachuna nini?"

Nikamwokotea miwani.

Akarudi juu. "Mchezo umeingiliwa. Pointi irudiwe."

"Irudiwe?!" Watu wakasimama wote. "Huyo amenunuliwa na wazungu!"

"Hapana," mwingine akanitetea, "huyo namjua, ni jirani yetu. Ako tu hivyo."

Bibi yangu alihama kiti, akaenda kukaa na watu asiowajua.

Pointi ikarudiwa. Tukapoteza hiyo. Tukapoteza ingine. Tukapoteza ingine. Kwisha.

Na wale wazungu, badala ya kukumbatiana kama watu, wakakuja kwangu mbio. Wakaniinua juu. Wakanipatia kikombe nishike. Ndevu nyekundu akanibusu kichwa. Watu wa kamera wakasema nicheke. (Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka.)

Nikamtafuta Madam. "Madam, ile kazi..."

"Nimempa Kiprono."

"Kiprono amelala fainali yote!"

"Ndiyo. Na akilala, hashiki kitu."

Sasa niko nyumbani. Ile picha nimebebwa na kikombe imeshafika kwa grupu ya kanisa. Naomba tu kitu moja, msicheke kwanza. Bibi ndiye anafaa kuanza, na tangu tufike hajafungua mdomo.