Sekunde Thelathini za Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Nimesimama sekunde thelathini macho yamefumbwa! Thelathini! Basi, karibu yamefumbwa.

Wiki ya kumi na moja hii tangu nipasuliwe shingo. Mifupa ilikuwa imeubana ule uzi mkuu wa mishipa ya fahamu, nikawa natembea kama mlevi na wala sijaonja tone. Daktari wa upasuaji anasema yeye kazi yake ameimaliza, hakuna kinachobana tena. Sasa miguu ijifunze upya kuniambia iko wapi. Yangu imeninunia. Nisipoitazama sijui kama ninayo.

Mtihani ni Ijumaa. Miguu pamoja, macho yamefumbwa, mikono kifuani, sekunde thelathini. Nikifaulu, narudi kwenye kiti changu cha kinyozi. Nikishindwa, kiti anakichukua moja kwa moja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kwa sasa anakishika kwa muda. Ndivyo tulivyokubaliana, na mke wangu ndiye shahidi. Siwezi kulalamika. Hakuna mwenye akili timamu anayempa koo lake mtu anayeyumba na wembe mkononi. Hata mimi nisingekubali.

Mtaalamu wa viungo ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye viganja vipana. Nimempa jina Mama Mizani. Anasimama nyuma yako, hakushiki, hakugusi, na ukianza kwenda chini unakuta mikono yake imeshafika. Wagonjwa wa zamani wanasema hajawahi kumwangusha mtu. Namheshimu mno. Ndiyo maana kumdanganya kunaniuma.

Lakini nimemdanganya. Kinyozi huishi kwa kioo, na chumba cha mazoezi kina kioo ukuta mzima. Nikabakiza upenyo mdogo kwenye kope, nikajitazama. Nikielemea kushoto, najirudisha kulia. Mama Mizani akaandika kitu kwenye daftari, akasema vizuri sana, fundi. Kichwa kimenivimba.

Jumanne, 5 Machi

Kioo kimefunikwa shuka! Shuka la maua, limebanwa juu mpaka chini. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna msiba wa kioo. Mama Mizani akasema hapana, ni vumbi tu.

Mpango wa pili. Nikasimama karibu na dirisha na kugusa pazia kwa kidole kidogo tu. Kidole kimoja! Maajabu. Mwili mzima ulitulia. Sekunde ishirini na sita, na ningeendelea, ila pazia lile lina pete za chuma. Sikujua kama zinalia. Zililia tangu sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, chumba kizima kikisikiliza.

Mama Mizani hakunisema. Alinieleza tu, polepole, kwamba hakuna binadamu anayesimama bila kuyumba. Hata yeye hapo alipo anayumba, ila miguu yake inamdaka mapema. Kwa hiyo niache kujikaza. Niyumbe, nijidake, niyumbe tena.

Nimeitikia kwa adabu. Ila hilo haliwezekani. Miaka thelathini na moja nawaambia watu jambo moja tu: tulia, usitikisike. Ndiyo kazi yenyewe. Mtu aliyetulia ananyolewa vizuri, anayetikisika anakatwa sikio. Leo niambiwe niyumbe kwa hiari?

Jumatano, 6 Machi

Sina budi kuandika habari za Mama Cherehani, ingawa kalamu inagoma.

Ni fundi nguo mstaafu, umri wa dada yangu mkubwa. Upasuaji wake ni uleule wa kwangu, na alikuja wiki tatu nyuma yangu. Tatu! Leo amepanda juu ya godoro la sponji, akafumba macho (yamefumbwa kweli, nilikwenda mbele yake nikahakikisha), akakaa sekunde arobaini. Aliyumba huku na huku, vidole vya miguu vikifanya kazi kama vya mtu anayetafuta kitu gizani. Alipoteremka alimwomba Mama Mizani wafanye tena, kwa vile ile ya kwanza hakuipenda.

Sijawahi kuona mtu mwenye moyo kama ule. Nilipiga makofi kabla sijajizuia.

Baadaye nikamsogelea, nikamuuliza kwa heshima anatumia dawa gani. Akasema hana dawa. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nimekanyaga cherehani miaka arobaini bila kutazama chini. Naisikiliza tu miguu." Akaniambia asubuhi za mwanzo hakusikia chochote, akalia, akaendelea kuisikiliza hivyohivyo.

Cherehani! Nilijua kuna siri!

Nilifika nyumbani na fremu yangu ya kutembelea mbio mbio. Nikatoa cherehani ya mke wangu, nikavua viatu, nikaikanyaga mchana kutwa bila kitambaa wala uzi. Saa kumi mkanda ukakatika. Mke wangu aliporudi aliniuliza ninashona nini. Nikasema nashona miguu. Akaniuliza kama shingo inauma.

Nilipojaribu kusimama jikoni macho yamefumbwa: sekunde nne.

Alhamisi, 7 Machi

Maji yamenifika shingoni, na shingo yenyewe ndiyo hii.

Nimekwenda saluni na fremu, hatua kwa hatua. Shemeji amekigeuza kiti kitazame mlangoni. Amebandika picha yake mwenyewe juu ya kioo, meno nje. Haki yake nimpe: alinipokea vizuri, akanifutia benchi, akaniita shemeji mara tano. Lakini nilimwona akimnyoa mtu kisogo. Ngazi! Ngazi tatu, unaweza kupanda!

Pembeni ameketi mteja wangu wa miaka mingi, fundi saa. Sikumtambua. Ndevu zimefika kifuani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ananisubiri. Nikamwambia shemeji anajua kunyoa. Akasema kujua anajua, lakini yeye koo lake limezoea mkono mmoja, na mkewe ameshamwambia akirudi na ndevu hizo wiki ijayo atalala na kuku.

Nikaomba ruhusa nikaenda nyuma ya saluni. Nililia kidogo. Sitaandika zaidi.

Mpango wa kesho nimeupata njiani. Chumba cha mazoezi kina kona nyuma ya mlango. Nitawahi, nitasimama pale, bega moja ukuta huu, bega jingine ukuta ule. Nitasema mwanga unaniumiza macho. Kona haina pete.

Ijumaa, 8 Machi

Nilifika wa kwanza. Kona ina kabati. Juzi halikuwepo. Refu.

Mama Mizani akaniambia nivue viatu na soksi, nije katikati ya chumba. Katikati! Hakuna ukuta, hakuna pazia, kioo bado kimevaa shuka. Mama Cherehani alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri zamu yake. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, niisikilize tu.

Nikafumba macho. Nikapiga moyo konde, nikafumba kweli, kwa vile hapakuwa na cha kuchungulia.

Moja, mbili, tatu. Nikajikaza. Sita, saba. Nikaanza kwenda. Nilijua nakwenda, sikujua upande gani. Nikafikiria ndevu za fundi saa. Nikasema moyoni, basi, kwaheri kiti.

Na hapo mguu wa kulia ukatoka. Peke yake! Sikuutuma. Ulipiga hatua moja, ukakanyaga, ukanishika. Na nikahisi sakafu. Ilikuwa baridi. Mwaka mzima sikuwa nimehisi kama sakafu ni baridi au ni moto, na sasa ilikuwa baridi kwenye kisigino, baridi kwenye vidole vyote vitano. Nilifumbua macho nikamwona Mama Mizani, safari hii yuko mbele yangu, mikono yake iko tayari, haijanigusa. Anatabasamu mpaka jino la mwisho.

Nikamwambia nimeshindwa, ni sekunde tisa tu. Akanionyesha daftari. Jumatatu: anachungulia kwenye kioo. Jumanne: kidole, pazia. Leo: kabati limehamishiwa kwenye kona, tahadhari. Yote ameandika! Kumbe sekunde hahesabu hata kidogo. Anahesabu mara ambazo mtu anajidaka mwenyewe, na kwa jina langu mpaka leo palikuwa na sifuri. Ameandika moja. Kaizungushia duara.

Ametia sahihi nirudi kazini. Saa mbili kwa siku, mashine ya kunyolea tu, kiti kirefu nyuma yangu cha kuegemea. Wembe bado, mpaka mtihani wa mwezi ujao, ule wa mguu mmoja.

Mama Cherehani alipiga makofi kabla hajajizuia. Kisha akaenda katikati ya chumba na kukaa sekunde hamsini na tano.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilimpunguzia fundi saa ndevu kwa mashine. Nusu saa nzima. Niliyumba mara sita, nikajidaka mara sita, sikio halikuguswa. Alipojitazama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Shemeji alinisogezea kiti kirefu bila kuambiwa. Picha yake imeshuka mpaka chini ya kioo. Ni kijana mzuri yule, nitamfundisha visogo.

Sasa, wembe. Nimekaa asubuhi nzima nikifikiri kwa makini ni nini hasa kilichonifaulisha Ijumaa. Mke wangu anasema ni mazoezi, ni kuacha ujanja, ni kule kukubali kuyumba. Yeye hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na nasema ilikuwa ile baridi! Sakafu ilikuwa baridi, miguu ikaamka. Mama Mizani ni mtu wa ajabu, ila hili limempita. Mguu mmoja unahitaji baridi mara mbili, ni hesabu tu.

Nimenunua barafu. Naandika haya nikiwa nimekaa bafuni, miguu yote miwili imo ndani ya beseni, dakika ya ishirini sasa. Mwanzoni iliuma. Sasa haiumi. Sihisi vidole, sihisi kisigino, sihisi hata beseni.

Inaelekea dawa imeanza kufanya kazi.