Nafasi Iliyobaki Kwenye Begi

Mwezi wa sita ulipoingia, Meya Haskell wa Ashmere, Massachusetts, alisimama kwenye ngazi za ukumbi wa mji na kutangaza kuwa zama za masanduku makubwa zimekwisha. Ujumbe wa mji ungekwenda kiangazi hicho kwenye kisiwa cha Kireno cha São Miguel, ambako nusu ya wakazi wa Ashmere wana shangazi, nao ungekwenda na mabegi madogo ya mkononi tu, uwe mfano kwa taifa zima. Kisha akaliinua begi lake mwenyewe kwa kidole cha mwisho. Joyce wa gazeti la mji akampiga picha.

Ili jambo lisibaki maneno matupu, iliundwa Kamati ya Wepesi wa Safari. Kamati ilikaa vikao vingi, kwa kahawa na donati, ikatoa Mwongozo wa Mavazi ya Kiangazi Nje ya Nchi. Kila mjumbe suruali au sketi mbili na blauzi au shati tatu, zote rangi ya mchanga, ili kila kipande kikubaliane na kingine bila mjadala. Nguo ziviringishwe, zisikunjwe. Skafu iliruhusiwa endapo ingeweza pia kuwa sketi, taulo na, ikitokea dharura, pazia. Kuhusu chupi wajumbe waligawanyika, na suala likapelekwa kwa mwanasheria wa mji, ambaye bado analifanyia kazi.

Odília Medeiros, karani wa masijala na mkalimani wa ujumbe, aliusoma Mwongozo huo mara mbili. Hakuwa na ugomvi na rangi ya mchanga. Tatizo lake lilikuwa Shangazi Deolinda, aliyemlea kisiwani mpaka alipovuka kuja Amerika, na ambaye mwaka huo ndiye aliyepewa heshima ya kusimamia sikukuu ya Roho Mtakatifu kijijini kwao. Watu wa Ashmere wenye asili ya kisiwa hawaendi kwao mikono mitupu. Wanakwenda na taulo, kahawa, viatu vya binamu, dawa za magoti, na sanduku ambalo halifungiki mpaka mtu alikalie. Ukitokea huko na blauzi tatu za rangi ya mchanga, watu wanajua umefilisika au umetoka gerezani.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi alipeleka begi lililovimba. Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Pruitt, akaanza kutoa taulo moja baada ya nyingine.

"Hizi ni zako?"

"Za shangazi yangu."

"Shangazi yako ni mjumbe?"

"Hapana."

"Basi hasafiri," alisema Bwana Pruitt, akaziweka pembeni.

Viatu vya binamu Gualter navyo havikuwa wajumbe, wala dawa za magoti. Begi likabaki limenywea. Odília alipotaka kulifunga, Bwana Pruitt alimzuia na kumfafanulia ibara ambayo kwa sababu za kiutawala haikuwa imetangazwa: nafasi inayobaki kwenye begi la mjumbe ni mali ya umma, na hutengwa kwa mahitaji ya uongozi. Hapo hapo ikaletwa suti nyeupe ya kitani, mashati ya hariri, viatu vya ngozi laini na chupa ya manukato. Vyote vilikuwa vya Meya. Viliviringishwa kwa ustadi mkubwa, kwa kufuata Mwongozo.

"Lakini Mheshimiwa ametangaza anasafiri na begi la kidole kimoja," alisema Odília.

"Na ndivyo anavyosafiri. Begi lake ni lile, hili ni lako. Uwanja wa ndege wakikuuliza kama kila kilichomo ni chako, jibu ndiyo. Usituletee mambo, dada. Unajua ni wangapi wanaokitaka hicho kiti chako."

Odília alijua. Huko Boston alipoulizwa, Meya akiwa nyuma yake na begi lenye mswaki na kofia, alijibu kwa sauti ya kusikika kwamba kila kilichomo ni chake. Meya aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kisha akamnong'oneza kuwa wakifika vitu vyake vipelekwe hotelini jioni, kwa mlango wa nyuma.

Alikusudia kuvipeleka, Mungu anajua. Lakini ujumbe ulipokwenda hotelini, yeye aliruhusiwa kulala kwa Shangazi, na kwa Shangazi kuna utaratibu wa zamani kuliko Kamati yoyote. Begi likitoka Amerika, mwenyewe halifungui. Hufunguliwa na mkubwa wa nyumba, mezani, ukoo wote ukiwa umesimama, na kila kinachotoka kina mtu wake. Hakuna aliyewahi kusikia begi la Amerika lenye vitu vya aliyelibeba. Odília alikwenda kunawa uso tu, na aliporudi Shangazi alikuwa ameshafika kwenye mashati.

"Shangazi, subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu Pasaka ya mwaka juzi, mwanangu. Gualter, hebu simama wima."

Akamvika koti jeupe. Gualter hukamua ng'ombe, na kesho yake alikuwa abebe bendera ya sikukuu akiwa na koti la marehemu baba yake, lililochoka viwiko. Alijitazama kwenye kioo cha kabati. Shangazi alikuwa anafuta machozi kwa pindo la aproni, akiwaambia jamaa kwamba alijua, alijua kabisa, mtoto wake asingemwaibisha mwaka huu.

Odília alisimama mdomo wazi. Aliifikiria kazi yake. Halafu akakumbuka alichokiri Boston, mbele ya shahidi mwenye cheo cha meya, na mdomo ukafungika wenyewe. Ulipofunguka tena alisema, "Manukato ni ya padri."

Usiku Meya alipopiga simu, alijibiwa kuwa suala lake limepokelewa na linashughulikiwa.

Kesho yake ujumbe, Bwana Pruitt na Joyce wa gazeti wakiwemo, ulialikwa kwenye maandamano. Mbele ilikuja bendera, na chini yake Gualter aling'aa kwa kitani cheupe. Nyuma yake walifuata wanaume wa ukoo, kila mmoja na hariri yake. Padri alinukia hadi barabarani. Meya alisimama jukwaani na lile lile shati la rangi ya mchanga alilosafiria, lenye doa kifuani la mchuzi uliommwagikia kwenye ndege.

"Odília," alisema bila kuachanisha meno, "ile ni suti yangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimwite Joyce, umweleze ilivyofika?"

Meya aliitazama kamera. Akasema hakuna haraka.

Baada ya misa watu walikaa kwenye meza ndefu kunywa supu ya sikukuu, ambayo hapewi tajiri kabla ya maskini. Shangazi Deolinda alikuwa amemtazama sana yule bwana. Akamuuliza Odília kama ni kweli bosi wake katoka Amerika na shati moja. Odília alitafsiri. Meya, kwa kuwa Joyce alikuwa pale, alijinyoosha na kusema ndiyo, hilo ndilo shati pekee alilobeba. Odília alilitafsiri na hilo, bila kupunguza.

Shangazi alitikisa kichwa kwa huruma. Akainuka na fimbo yake, akaingia ndani, akatoka na shati la hariri la buluu lililokuwa limebaki bila mtu, bado limeviringishwa vizuri sana.

"Mwambie asione haya," alisema mbele ya kijiji. "Tunayo mengi. Mwanangu katuletea."

Odília alitafsiri neno kwa neno. Meya akalitazama shati, akaitazama kamera, akamtazama Bwana Pruitt, aliyekuwa anaichunguza supu yake.

"Mwambie nashukuru," alisema.

Lakini Shangazi hakutaka shukrani za mdomo. Alitaka livaliwe, pale pale, aone. Akamfunga vifungo kwa mikono yake hadi kwenye kola, akamnyoosha mikono ya shati, akarudi nyuma hatua moja. Joyce alikuwa anapiga picha na watu walikuwa wanapiga makofi.

"Tazameni," Shangazi aliwaambia majirani. "Limemkaa utadhani lilishonwa kwa ajili yake."