Dole Gumba la Babu Nazari

Darasa la Kisomo cha Watu Wazima,
Lundo, kwa njia ya Mbinga.
9 Septemba 1974

Kwa Mtunza Kumbukumbu,
Ofisi ya Vitabu vya Mabaharia wa Ziwa.

YAH: OMBI LA KUMWACHISHA KAZI MAREHEMU

Ndugu Mtunza Kumbukumbu,

Nakusalimu kwa heshima. Kama umri wako ni wa kupewa shikamoo, ipokee. Kama bado, iweke kwenye faili, siku moja itakufaa.

Mimi ni Lukresia binti Xavery, mwalimu wa kisomo hapa Lundo. Baba yangu alifariki mwezi wa Machi. Katika vitu vyake nilikuta bahasha yenye nakala za barua kumi na moja alizowaandikia ninyi akimtafuta baba yake, Nazari, mtia kuni wa stima Perpetua, aliyepanda hapa ufukweni mwaka 1929 na hakurudi tena. Baba alikuwa na mwaka mmoja. Sura hakuikumbuka, lakini kila stima ilipopiga honi alisimama, hata akiwa na tonge mkononi. Nilidhani kila baba hufanya hivyo, mpaka siku nilipokula kwa jirani.

Barua ya kumi na mbili niliiandika mimi, nanyi mmeijibu baada ya miezi minne tu. Ndugu Protasi, karani wenu, anasema kitabu kimechunguzwa, na kwamba mtajwa hajaachishwa kazi, hajaripotiwa kufa, na kwa hiyo YUKO KAZINI. Maneno hayo mawili ameyapiga kwa herufi kubwa. Nashukuru kwa habari hizo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwanza ni ile kanuni. Ndugu Protasi anaeleza kwamba jina la baharia halifutwi mpaka mwenyewe afike ofisini na kuweka dole gumba mbele ya jina hilo. Sina ugomvi na kanuni. Ila nimehesabu mabaharia wa Lundo ambao maji yaliwachukua, nao ni sita, na hakuna hata mmoja aliyefika ofisini. Naona hawakuelezwa.

2. Karani wenu alikuwa mwema, akaninakilia maelezo ya babu yote yaliyomo kitabuni. Mwaka 1929 Nazari alikuwa na urefu wa futi tano na inchi tatu, na kovu gotini. Mwaka 1934 akawa futi tano na inchi nane, kovu limekwisha. Mwaka 1941 hana sikio la kushoto. Mwaka 1946 sikio limerudi. Chini yake Ndugu Protasi ameandika kwamba mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida kwa wafanyakazi wa muda mrefu. Mimi nimefundisha miaka mitano na masikio yangu yako palepale.

3. Niliipeleka karatasi hiyo kwa Mzee Hyasinti, aliyefanya kazi Perpetua, ambaye sikio la kushoto hana. Akacheka mpaka akakohoa. "Huyu wa arobaini na moja ni mimi, mjukuu wangu! Mimi ndiye Nazari wa tatu." Akanieleza desturi yao. Mtia kuni akianguka majini au akitoroka, nahodha hakutaka kufika bandarini na pengo kitabuni, maana pengo lilileta maswali. Basi alichukuliwa kijana yeyote aliyekuwa karibu, akapewa koleo, blanketi na jina. Babu yangu alichukuliwa na wimbi karibu na Mbaha, mwaka wa 1934, mwezi wa upepo mkali. Mwili haukuonekana. Kabla stima haijafika bandari ya pili, Nazari alikuwa amekwisha kupatikana, tena mrefu zaidi.

4. Utauliza kwa nini nisiridhike na maneno ya Mzee Hyasinti. Mimi nimeridhika. Asiyeridhika ni Bibi Zita, mke wa Nazari wa kwanza. Mzee amemweleza habari hii mara nyingi, na Bibi humjibu jibu lilelile: "Jina lake umelitumia mpaka likachakaa, sasa unataka na kumuua?" Kwetu hatukai matanga kwa maneno ya mtu aliyevaa jina la marehemu. Kwa hiyo miaka arobaini Bibi hajakaa matanga, na kila samaki mbasa akipikwa, kichwa huwekwa pembeni na kufunikwa. Tukiwa watoto tulijua hicho si chetu.

5. Sasa liko jambo linalobana. Tumeagizwa sote kuhamia kijiji kipya cha ujamaa huko juu, na nyumba za ufukweni zitaezuliwa mwisho wa mwezi huu. Bibi amekataa. Anasema Nazari aliondoka katika mlango huu na hajui mlango mwingine. Mwenyekiti amekuja mara tatu, mara ya tatu na mgambo. Bibi aliwapa viti, akawapa uji, akakaa mlangoni. Mwenyekiti ameniambia taratibu, "Mwalimu, paa litashuka, na mimi sitaki limshukie bibi yako kichwani." Karatasi moja kutoka kwenu, yenye mhuri, ikisema mzee huyu amekufa, ingemwezesha Bibi kulia, kunyoa nywele na kuhama.

6. Lakini kama mnasisitiza kwamba yuko kazini, naomba nielezwe anafanyia kazi wapi. Perpetua ilivutwa nchi kavu mwaka 1953 ikakatwa vipande. Kipande kimoja kinaning'inia hapa shuleni, nacho ndicho kengele yetu. Nimekizunguka na sikumwona mtu akitia kuni. Tena, kumtumikisha mtu miaka arobaini na mitano bila likizo hata ya siku moja kulilaaniwa katika Azimio la Arusha, ambalo nina nakala yake ukutani.

7. Kwa hiyo naleta ombi lenye kufuata utaratibu wenu wenyewe. Ofisi imekwisha kuwapokea akina Nazari wanne, wa urefu mbalimbali na masikio mbalimbali. Naomba impokee wa tano, ambaye ni mimi. Urefu wangu ni futi tano na inchi tatu kamili, kama babu alipoanza. Kovu gotini ninalo, nililipata kwa baiskeli ya baba. Nitakuja na dole gumba langu, nitalibandika mbele ya jina letu, nanyi mtaniachisha kazi nikiwa hai. Halafu nitarudi nyumbani kumwambia Bibi kwamba mume wake amekufa.

Naomba nijibiwe kabla mapaa hayajashuka. Msalimie sana Ndugu Protasi, na yule aliyeliokoa kovu la babu kwa kuliandika mwaka 1929, kama naye bado YUKO KAZINI. Mzee Hyasinti anawasalimu ninyi nyote kwa majina yake yote mawili.

Ndimi, katika kujenga taifa na kumtafuta babu,

Lukresia Xavery

Nyongeza: Barua hii ilingoja gari la posta kwa siku tatu, na katika siku hizo mambo yamebadilika. Bibi, ambaye ni mwanafunzi wangu wa safu ya mbele, aliiona barua ya Ndugu Protasi mezani. Anajua herufi kubwa tu. Akaweka kidole, akasoma peke yake: YUKO KAZINI. Akaniuliza ni nani aliyeandika. Nikasema, serikali. Akasema, "Basi serikali inajua alipo. Na anayenihamisha ni serikali hiyohiyo. Kumbe itamwambia nilikohamia." Jioni ile alianza kufunga vyungu vyake. Jana, tukiwa tumebeba kinu, stima ilipiga honi. Tulikitua chini, mimi na yeye, tukasimama mpaka ikapita.

Kwa hiyo nafuta namba moja mpaka saba. Tafadhali msimfute. Msilete mhuri. Ila pembeni mwa jina lake, kama kuna nafasi, andikeni kwa kalamu: Safu ya Tatu, nyumba ya kumi na nne. Nyumba zote za safu hiyo huko juu zinatazama barabara. Hii moja tumeugeuza mlango, unatazama ziwa.